Kumshusha Twiga

Jumatatu, 3 Machi

Aliyecheka ni mimi.

Haya, nimeandika. Sijamwambia mtu yeyote, na sidhani kama ningeweza kulisema kwa mdomo, hata nikiwa peke yangu bafuni na bomba limefunguliwa.

Ilikuwa Alhamisi iliyopita, tulipokwenda kumchukua Bibi kliniki, kwenye mazoezi ya magoti. Gari letu ni refu mno. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa fundi wa pampu za maji. Miaka yote alipita kwenye barabara za mashimo, kwa hiyo akaliinua gari lake: springi za pikapu nyuma, vyuma vya kunyanyulia mbele, matairi makubwa. Ni gari dogo la zamani, la milango minne, lina umri mkubwa kuliko Mama. Limesimama juu kama limekanyaga kaa la moto. Mtaa mzima wanaliita Twiga.

Bibi hawezi kulipanda. Mara ya kwanza tulimwekea kigoda, kikayumba, akasema hakikanyagi tena. Basi Mjomba akamshika mabega, Fundi Rangi wa pale gereji akamshika miguu, wakamwinua kama gunia mbele ya watu wote waliokaa kwenye mabenchi. Kiatu kikadondoka. Mguu mmoja ukabaki nje, unatafuta pa kwenda.

Nikacheka. Si kwamba ilichekesha. Mimi nikiogopa, nacheka. Kicheko kilinitoka puani kama kwikwi, nikainama haraka kuokota kiatu.

Njiani Bibi akauliza: "Nani yule aliyecheka?"

Mjomba alijibu bila kugeuka kwamba ni mtu tu wa getini, watu siku hizi hawana adabu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimepakata kiatu.

Tangu siku hiyo Bibi amegoma. Hapandi Twiga, hapandi teksi, hapandi chochote ambacho lazima abebwe. "Sijafa bado nibebwe," anasema, na mazungumzo yanaishia hapo. Mama amembembeleza mpaka amechoka. Bibi anajibu kuwa magoti ni yake.

Leo mtaalamu wa mazoezi amepiga simu. Alhamisi hii atamsamehe. Lakini akikosa na ile ya tarehe kumi na tatu, nafasi anapewa mwingine, maana orodha ni ndefu. Na bila mazoezi magoti yatakakamaa, hatatembea tena. Mama alisikiliza amesimama. Mimi nilikuwa nakunja nguo. Nimekunja shati moja mara nne.

Nimemaliza shule, nasubiri matokeo. Sina kazi nyingine ila kukifikiria kile kiatu.

Angalau sasa kuna mahali nimelisema. Kifua kimelegea kidogo. Kidogo tu.


Jumanne, 4 Machi

Nimegundua kitu!

Jikoni kuna kiti cha Bibi. Cha mbao, cha kawaida, isipokuwa Babu alikipigilia vipande chini ya miguu ili kiwe kirefu. Leo nimekaa pembeni yake nachambua mchele na kuhesabu. Bibi ameinuka kwenye kiti hicho mara saba. Chumvi. Kufukuza paka. Chumvi tena. Mara zote saba bila kushikwa mkono. Lakini sebuleni, kwenye kochi, hainuki bila mtu wa kumvuta. Na kwenye Twiga hafiki hata kuketi.

Kwa hiyo si nguvu. Ni urefu! Kochi liko chini mno, Twiga yuko juu mno, kiti cha jikoni kiko sawasawa. Kama kiti cha gari kingekuwa na urefu ule ule, Bibi angeingia mwenyewe na kutoka mwenyewe. Hakuna kubebwa. Hakuna kuchekwa.

Tatizo ni kumwambia Mjomba. Ni kaka yake Mama, gereji yake iko uani kwetu, na sauti yake inaishinda kompresa. Ana roho nzuri, ila mbele yake maneno yangu hukimbia kama kuku waliomwona mwewe. Basi nimeandika kwenye karatasi: *Tukimshusha Twiga, kiti chake kikalingana na kile cha jikoni, Bibi atapanda mwenyewe.* Nimeibana chini ya kikombe chake cha chai, nikaenda kujificha bafuni. Baada ya dakika ishirini Mama amegonga kuuliza kama naumwa tumbo.


Jumatano, 5 Machi

Mjomba ametoka na karatasi. Ina duara la kikombe katikati. Ameisoma kwa sauti mbele ya Fundi Rangi, ambaye hupaka magari rangi hapo hapo uani na huniita Redio kwa sababu siongei.

Fundi Rangi amefurahi kupita kiasi. Kumbe bosi ameamua kuwa kijana! Gari la kuburuza tumbo, spika kwenye buti, miwani usiku. Akauliza kama na hereni atatoboa.

Mjomba hakucheka. Alisema gari lile baba yake aliliinua kwa mikono yake, na yeye hawezi kuwa mtoto wa kulishusha. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akaondoka. Nikajua yamekwisha.

Saa kumi nikamkuta amesimama kwenye mlango wa jikoni. Alikuwa ameegemea fremu, anamtazama mama yake akiinuka kuchukua kifuniko, akikaa, akiinuka tena. Alitazama kwa muda mrefu. Bibi hakumwona. Kisha akanigeukia.

"Nipimie hicho kiti. Vizuri."

Nimepima! Mama ni fundi cherehani, na futi yake ya njano ni mgonjwa wa siku nyingi. Kabla sijazaliwa pasi iliiunguza kichwa, ikala sentimita tatu za mwanzo. Mama hakuitupa. Nyumbani kwetu kila mtu anajua: soma, kisha toa tatu. Tunatoa bila kufikiri, kama mtu anavyovua viatu mlangoni. Basi nikaichukua kwenye meza ya cherehani, nikakanyaga mwanzo wake kwa kidole gumba cha mguu, nikasoma juu kwenye kiti: hamsini. Nikatoa tatu. Nikaandika arobaini na saba.

Mjomba naye akapima kiti cha Twiga kwa futi yake ya chuma. Sitini na mbili. Kwa hiyo Twiga anatakiwa ashuke sentimita kumi na tano. Mjomba akapiga mluzi.

"Bajeti ni uani," akasema. Maana yake: kama hakipo uani, hakinunuliwi.


Alhamisi, 6 Machi

Bibi hakwenda kliniki. Ameshinda akikunja leso ile ile.


Ijumaa, 7 Machi

Nina grisi mpaka kwenye nyusi, na sitaki kuoga.

Tumeanza na matairi. Nyuma ya tangi Mjomba alikuwa na magurudumu manne madogo ya gari lililokwisha kuoza, matundu ya bolti yanalingana. Hapo tumeshapata sentimita tatu, bure.

Kisha nyuma. Springi za nyuma ni vyuma vya bapa vilivyolaliana kama kurasa za kitabu, na Babu aliongeza kurasa zake. Tumezitoa mbili. Zilikuwa zimegandana kwa kutu na matope ya barabara ambazo mimi sijawahi kuziona.

Mbele ndiko nilikokutana na Babu kabisa. Juu ya kila springi alikuwa ameweka chuma cha mviringo, kinene sentimita sita, kina tundu katikati. Alivichonga mwenyewe. Viwili, kushoto na kulia. Mjomba alivipangusa kwa kitambaa, polepole, kama anayempangusa mtoto uso. Hakuvitupa kwenye vyuma chakavu. Aliviweka dirishani.

Sita na tatu, tisa. Zimebaki sita. Hizo, Mjomba anasema, ni za kukata springi zenyewe.

Mwanzo nilishika taa. Baadaye nikashika jeki. Jioni nilikuwa nashika spana na Mjomba anataja namba tu, kumi na tatu, kumi na saba, nami natoa. Siku nzima hakuna aliyeniuliza "mbona kimya?" Chini ya gari kila mtu ni kimya. Kumbe kuna kazi kama hizi!


Jumamosi, 8 Machi

Tumekata.

Kwanza springi inabanwa kwa vibanio ili itoke. Mjomba alinisimamisha nyuma ya nguzo mpaka alipomaliza. Springi iliyobanwa, alisema, ni nyoka aliyelala, ukimwamsha vibaya hakuulizi jina.

Fundi Rangi akashauri mtungi wa gesi: moto dakika mbili, kazi imekwisha, tunywe chai. Mjomba akakataa. Moto unaitoa springi roho. Leo utaiona fupi, kesho utaikuta imelala kabisa. Jiwe la grinda lilikuwa limekwisha, na bajeti ni uani, kwa hiyo ni msumeno wa mkono.

Akashika chaki. Akaniangalia. "Una hakika na arobaini na saba?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Mizunguko miwili basi, kila upande."

Akachora. Tukakata kwa zamu. Meno ya msumeno yaliisha mara tatu, tukabadilisha. Zamu yangu ya mwisho ndiyo iliyokatisha ya kushoto, kipande kikaanguka sakafuni kikalia kama kengele. Mikono ilikuwa inaniwaka, na nilijisikia mrefu.

Mama alikuwa dirishani na cherehani yake. Akapaza sauti: "Ninyi! Kitambaa ukishakikata hakirefuki!"

Mjomba akamjibu ashone yake.


Jumapili, 9 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi ilikuwa nzuri. Jeki zimetolewa, Twiga akateremka, akateremka, akatulia. Mjomba akapima kiti: arobaini na saba kamili. Fundi Rangi akamzunguka mara mbili, akavua kofia, akasema tuliagiza twiga tumeletewa kobe. Hata Mjomba alicheka.

Bibi akaletwa. Alikuja na mkoba wake na uso wa mtu aliyepita njia tu. Akageuka, akaketi. Peke yake! Akauingiza mguu mmoja, akauingiza wa pili. Mama akapiga makofi. Bibi akapapasa dashibodi kidogo, kwa siri, lakini nilimwona.

Kisha akataka kutoka.

Akajaribu. Akarudi chini. Akajaribu tena, ameshika mlango, shingo imemtoka mishipa. Akarudi chini. Mara ya tatu hakufika hata nusu.

"Kiti hiki kinanimeza," alisema.

Mjomba akanyoosha mkono. Bibi akautazama kwanza, ndipo akaushika. Aliposimama akajipangusa nguo, akasema asanteni, mmejitahidi. Kwa sauti ile anayowapa wageni.

"Mkono wangu huo," Mjomba akamwambia. "Nimekata kupita kiasi. Kosa ni langu, Mama."

Mimi nikaingia ndani moja kwa moja, kwenye meza ya cherehani. Nikaichukua futi. Nikaitazama mwanzo wake, kitu ambacho Jumatano sikukitazama kwa sababu nilikuwa nimeukanyaga.

Moja. Mbili. Tatu. Zote zipo.

Nikamuuliza Mama futi hii imetoka wapi. Ah, hiyo? Ana wiki mbili nayo, amepewa na muuza nyuzi, rangi ile ile. Ile ya zamani amefungia mabunda ya vitambaa. Akaniuliza kwani sikuona inavyong'aa.

Sikuona. Kiti cha Bibi ni hamsini. Nilitoa tatu kwenye futi nzima. Na chuma hakirefuki.

Sasa ni mambo mawili hakuna anayeyajua. Kicheko, na sentimita tatu.


Jumatatu, 10 Machi

Mjomba amezunguka kwa wauza vyuma chakavu, sehemu tatu. Gari zee kiasi hiki halina springi popote. Mmoja alimwambia ajaribu makumbusho.

Fundi Rangi naye hakumwacha apumzike. Miaka thelathini ya ufundi, leo kushindwa hesabu na springi? Amwite mwalimu wa darasa la pili? Ni utani wao wa kila siku. Lakini leo Mjomba alicheka kwa meno tu, macho hayakucheka. Chai yake ilipoa pale pale. Kila aliyekuja na gari, alikuta Twiga amelala pale uani, na Mjomba akaeleza mwenyewe: nimekosea, nimekata sana. Mara tano nimemsikia.

Nilimwendea mara tatu. Kila mara nilikuwa nimeipanga sentensi. Kila mara nilipofungua mdomo ikatoka: "Shikamoo, Mjomba."

Mara ya tatu akasema, "Marahaba. Lakini mwanangu, kwani kumekucha mara ngapi leo?"

Zimebaki siku tatu.


Jumanne, 11 Machi

Nimesema!!

Nimesema kwa sababu ya miguu. Mjomba alikuwa chini ya gari la mteja, nje imebaki miguu tu, na viatu vyake vilivyokanyagwa visigino. Nikagundua kwamba miguu haina macho. Nikachuchumaa.

"Mjomba. Si mkono wako. Ni mimi. Futi ya Mama ni mpya, na mimi nikatoa tatu."

Spana ikaacha kugonga.

"Ulitoa tatu?"

"Nilitoa tatu."

"Kwenye futi nzima?"

"Nzima."

Miguu ikaanza kutetemeka. Nikafikiri ni hasira, nikainuka niondoke. Kisha nikasikia. Alikuwa anacheka! Akajivuta nje, grisi kwenye paji la uso, machozi yanamtoka, akakaa juu ya tairi kwa sababu kusimama kulimshinda.

Alipopata pumzi akaninyooshea kidole kwenye dirisha la gereji. Pembeni ya kioo kuna kipande cha boksi kimepachikwa, kirefu, chembamba. Siku zote nilidhani ni cha kupitishia hewa. Akasema mwaka jana alipima dirisha lile kwa futi yake ya chuma, nzima kabisa, akaenda kuagiza kioo. Na akatoa tatu. Miaka ishirini tangu ahame nyumba ya mama yake, na bado alitoa tatu! Watu wote aliwaambia mkata vioo ndiye aliyekosea.

"Hilo ni lako na langu," akasema. "La dirisha ulizike, nami la kiti nitalizika."

Sikumbuki lini mara ya mwisho nilipumua mpaka chini kabisa tumboni. Nilipumua pale. Nikasikia njaa, ghafla, njaa ya siku mbili.

Lakini Twiga bado alikuwa amelala, na Alhamisi haikusogea. Mjomba akaanza kutaja: tuagize springi, zitafika baada ya mwezi. Turudishe matairi makubwa, lakini sasa yatasugua bodi. Mimi nilikuwa bado natazama lile dirisha. Chini ya kipande cha boksi, pale pale alipoviweka, vyuma viwili vya Babu.

Na sijui nani alinifungua mdomo mara ya pili siku hiyo hiyo.

"Tusinyanyue gari. Tunyanyue kiti."

Kiti cha abiria kimeshikwa na bolti nne tu. Vyuma vya Babu ni viwili, kila kimoja unene wa sentimita sita. Ukivipasua katikati, vinakuwa vinne. Vya sentimita tatu tatu.

Mjomba alivitazama vyuma. Akanitazama mimi. Akavitazama tena vyuma. Kutoka kwenye kibanda chake Fundi Rangi akaita, brashi mkononi:

"Kumbe Redio ina betri!"


Jumatano, 12 Machi

Tumepasua, tumefunga. Bolti nne ndefu ndicho kitu pekee kilichonunuliwa. Mjomba aliukamata mlango akakitikisa kiti kwa nguvu zake zote, gari zima likatikisika, kiti hakikusogea. Akanipa futi ya chuma nipime mimi.

Nilipima mara nne. Hamsini. Nilitazama na mwanzo wa futi, kila mara.

Mama alimshawishi Bibi atoke. Safari hii hakubeba hata mkoba. Akaketi. Akatulia. Akainuka, kama anayekwenda kuchukua chumvi. Akaketi tena, akainuka tena. Mara ya tatu ilikuwa maringo tu. Alishika kiuno.

Akauliza tumeweka nini chini. Mjomba akamwambia: vile vyuma vya Mzee, vya mbele. Tumevikata, vimebeba kiti.

Bibi aliinama kadiri magoti yalivyomruhusu, akavigusa kwa kidole. Nikaogopa kwamba atalia, na nikiogopa — basi nikajiuma ulimi kabisa.

"Huyo sawa," akasema mwishowe. "Huyo anaruhusiwa kunibeba."

Mama aliuliza ilikuwaje basi kosa la Jumapili. Mjomba akajibu kwamba hesabu zilitupiga chenga, na akaenda kunawa mikono ambayo tayari ilikuwa safi. Alipopita akaniachia futi ya chuma kiganjani. Nikae nayo. Hii haijaungua, akasema, na Jumatatu kuna mteja ana springi za kutazama, kama sina shughuli.

Sina shughuli!


Alhamisi, 13 Machi

Naandika ndani ya Twiga, nje ya kliniki, mlango wazi, mguu mmoja nje. Kutoka hapa hadi lami chini ni kama ngazi moja ndogo. Mjomba amekwenda kutafuta maji. Bibi yuko ndani kwenye mazoezi. Amekwenda mwenyewe kwa fimbo yake, akapita katikati ya mabenchi yote, polepole kuliko ilivyolazimu, ili wamwone vizuri.

Ngoja niandike ya asubuhi kabla hajatoka.

Tulipokuwa tunaondoka nyumbani, Bibi akaketi, akaingiza mguu wa kwanza. Alipoinua wa pili, kiatu kikadondoka. Kile kile. Mama akaganda. Mjomba akaganda na ufunguo mkononi. Hakuna aliyethubutu hata kuinama.

Na Bibi akacheka.

Puani. Kama kwikwi, ikakwama, kisha ikaruka. Nikageuka kumtazama, kwa sababu ninakijua kicheko kile. Ni changu! Sijawahi kukisikia kutoka nje ya kichwa changu, lakini ni changu, kwikwi kwa kwikwi. Tangu Babu afariki sidhani kama Bibi amewahi kucheka hivyo. Nilikuwa mdogo, sikumbuki.

Mama yangu anacheka kwa sauti kubwa. Mjomba hivyo hivyo. Kile cha puani tunacho wawili tu katika ukoo mzima.

Njiani nilimwona Mjomba kwenye kioo. Aliniangalia kidogo, akarudisha macho barabarani.

Sasa nimekaa hapa na nimelitazama geti. Liko mbali. Kuna bustani, kuna safu ya magari, kuna jenereta inayonguruma. Mtu akicheka getini, huku hasikiki. Mjomba hakumsikia mtu yeyote wa getini. Mjomba alijua, akamsingizia mtu asiyekuwepo, wiki mbili zote hizi hajaniambia neno.

Na Bibi? Mtu anaweza kutokijua kicheko chake mwenyewe?

Kabla hajaingia ndani, aliinama kwenye dirisha langu. Aliniita kama anavyoniita tukiwa wawili tu.

"Mke mwenzangu. Nikitoka, nadhani una neno la kuniambia."

Hakuuliza. Alisema tu, akanigonga mkono mara mbili kwa fimbo, kidogo, akaenda zake. Hakuonekana kama mtu mwenye hasira. Alionekana kama mtu anayesubiri chai yake ipoe.

Nimejaribu kuipanga sentensi. Ina maneno matatu tu, yale ya mwanzo wa daftari hili. Nimeyasema kwa miguu ya Mjomba magumu zaidi ya haya. Lakini Bibi ana macho.

Mlango umefunguka. Ni yeye. Mtaalamu anataka kumshika kiwiko, anamfukuza kwa fimbo. Anakuja. Ngazi ya kwanza. Ya pili. Amesimama kupumua, ananitafuta kwa macho — ameniona. Anacheka, au ni jua?

Nahamia nyuma, kiti ni chake. Daftari, nakufunga. Nitamwambia mwenyewe, leo, kabla ya geti. Mpaka mdomo wangu ufunguke, tafadhali sana, wewe ulichokisikia usimwambie mtu.